Spika za gari zilivyomrudisha mwanangu kwenye Fizikia

Matokeo ya kidato cha nne yalipotoka Januari 2025, mwanangu wa pili alipata daraja la nne. Fizikia alipata D. Mzazi aliyewahi kukaa na mtoto wa namna hiyo nyumbani anajua miezi inayofuata ilivyo: kijana analala hadi saa nne asubuhi, simu mkononi, na kila mtu anapita pembeni yake kwa tahadhari kama kuna mgonjwa.

Baba yake anafanya kazi Dodoma na hurudi Dar es Salaam kila baada ya wiki mbili kwa treni ya SGR. Msimamo wake ulikuwa mmoja, kijana arudie mtihani. Kijana naye alitaka VETA, akasomee umeme wa magari. Baba alimjibu kwa swali lililofunga mazungumzo kwa mwezi mzima: "Mtu mwenye D ya Fizikia, umeme atauelewa wapi?"

Mimi nilikaa katikati. Sikuwa na jibu la kumpa mume wangu, maana swali lake halikuwa la kijinga. Na sikuwa na la kumwambia mwanangu, kwa sababu nilikuwa nimemwona tangu akiwa darasa la tano akifungua redio, chaja na taa za kuchaji, na nyingi akizirudisha zikiwa zinafanya kazi.

Kilichofungua mambo hakikuwa kikao cha familia wala mjomba kuitwa kuja kusuluhisha. Ni spika ya mlango wa mbele wa kushoto wa gari letu.

Gari lenyewe ni la Kijapani, mtumba kama mengi ya hapa mjini. Linapotoka kiwandani linakuwa na amplifaya yake mbali na redio, ya kwetu imefichwa chini ya kiti cha abiria, na kava za spika zina jina la kampuni ya muziki. Magari ya aina hiyo yamejaa barabarani kwetu: kuna yenye Bose, kuna Toyota zenye JBL, kuna Lexus zenye Mark Levinson. Si mtindo wa jana. Bose waliingiza mfumo wao kwenye Cadillac Seville za toleo la mwaka 1983, na tangu wakati huo utaratibu ni uleule, spika na amplifaya zinatengenezwa kwa ajili ya kufanya kazi pamoja ndani ya gari fulani.

Spika yetu ilianza kwa kukwaruza, kisha ikawa inatetema kila besi inapopiga. Kava lilipofunguliwa, sponji ya ukingoni ilikuwa imeoza, unaigusa inakatika kama mkate uliokauka. Kwa gari lenye miaka zaidi ya kumi, na joto na unyevu wa Dar, hilo ni jambo la kawaida.

Mzazi mwenzangu anaweza kusema muziki wa gari ni anasa, ada kwanza. Nakubali kuhusu ada. Lakini kuna jambo la masikio. Asubuhi tunakaa barabarani zaidi ya saa moja kwenda shuleni, jioni vivyo hivyo. Spika ya mbele ikiwa mbovu, dereva anaongeza sauti ili asikie taarifa ya habari. Binti yangu wa miaka sita anakaa nyuma, karibu na spika nzima isiyo na tatizo, na sauti yote hiyo inamwishia yeye. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto asisikilize sauti ya zaidi ya desibeli 75 kwa saa 40 za wiki. Kwa mtu mzima ni desibeli 80. Siku binti aliponiambia, "Mama, redio inanipigia kelele," nikajua spika lazima ibadilishwe.

Jirani yetu alikuwa amepita njia hiyo kabla yetu. Gari lake linafanana na letu. Alinunua spika mpya nne zenye maboksi makubwa na maandishi ya wati 350, akafungiwa na kijana wa mtaani, na sauti ikapungua. Besi ilibaki kama ya simu. Akawa anafungulia redio hadi mwisho, na baada ya wiki kadhaa twita zote mbili zikaungua. Yeye alilaumu spika kuwa ni feki. Huenda hazikuwa feki hata kidogo.

Niliposema Jumamosi twende Kariakoo tukanunue, kijana akaniambia, "Mama, tusinunue kwanza. Tupime." Ilikuwa sentensi ndefu kuliko zote alizoniambia wiki hiyo.

Hakuwa ameitoa kichwani. Kule Gerezani, kwenye maduka ya spea, kuna mzee mmoja fundi wa redio za magari ambaye mwanangu alikuwa ameanza kwenda kumtazama akifanya kazi. Nilikwenda naye, nusu kwa ajili ya spika, nusu kutaka kumwona huyo mtu. Kijana alimwamkia shikamoo, mzee akaitikia bila kuinua macho kwenye kazi yake, kisha akaniambia, "Karibu, mama. Huyu kijana wako anauliza maswali mpaka nachelewa."

Nikamwuliza kwa nini spika za jirani zilipunguza sauti. Mzee akamtazama mwanangu. "Mwambie mama."

Nitajaribu kuyaandika kama alivyoyasema, kwa sababu na mimi nilielewa kwa mara ya kwanza.

Kila spika ina ukinzani wake, unaopimwa kwa omu. Mzee yeye anauita ubishi. Spika ya omu 4, ambayo ndiyo inauzwa kila duka, ina ubishi mara mbili ya spika ya omu 2. Amplifaya nyingi za kiwandani, hasa za hiyo mifumo yenye majina makubwa, zimetengenezwa zisukume spika za omu 2, na nyingine hata chini ya hapo. Ukiondoa spika ya omu 2 ukaweka ya omu 4, amplifaya inaendelea kutoa volti zilezile, lakini spika inabisha, umeme unaopita ni nusu.

Kijana alichukua kipande cha boksi akaandika hesabu. Wati ni volti mara volti, gawanya kwa omu. Tuseme amplifaya inatoa volti 10. Kumi mara kumi ni 100. Gawanya kwa 2, unapata wati 50. Gawanya kwa 4, unapata 25. Hapo hujagusa redio wala amplifaya, umebadilisha spika tu, na nusu ya nguvu imepotea. Kwa kipimo cha sauti ni pungufu ya desibeli 3. Sikio halitasikia kama nusu, lakini litasikia.

"Na kinyume chake?" mzee akamwuliza. Kinyume chake ni hatari zaidi. Amplifaya iliyotengenezwa kwa omu 4, ukiifungia spika ya omu 2, umeme unaopita unakuwa mara mbili, amplifaya inapata moto, inajizima au inaungua kabisa. Kwa hiyo anayekuambia omu ndogo ni bora siku zote naye anakupoteza. Inategemea amplifaya iliyomo.

Nilikuwa natazama kile kipande cha boksi. Hii ni kanuni ya kidato cha pili au cha tatu. Niliwahi kumlipia masomo ya ziada kwa ajili ya mada hiyohiyo.

Mzee aliongeza la kwake kuhusu zile wati 350. Hiyo namba, alisema, ni ya mshtuko wa sekunde moja kabla spika haijapasuka. Namba ya maana ni wati ambazo spika inazivumilia mfululizo, ambayo huandikwa kwa herufi ndogo pembeni ya boksi, na mara nyingi haifiki hata robo ya ile kubwa. Hata redio iliyoandikwa wati 50 mara nne, kwa umeme wa betri ya gari, kila spika inapata takribani wati 20 za kweli. Tena spika inayovumilia wati nyingi si lazima itoe sauti kubwa. Kuna namba nyingine, ya desibeli, inayoeleza spika inatoa sauti kiasi gani ikipewa wati moja ukiwa mita moja kutoka kwake. Spika ya desibeli 91 kwa wati 20 inasikika sawa na ya desibeli 88 kwa wati 40. Ukiwa na amplifaya ya kiwandani ambayo huwezi kuiongezea nguvu, hiyo ndiyo namba ya kutafuta, na ndiyo wauzaji wasiyoitaja.

Tukarudi nyumbani kupima. Mita tuliazimwa na mzee.

Jambo la kwanza ambalo kijana alilifanya lilinishangaza kidogo: aligusanisha zile nyaya mbili za mita zenyewe kwa zenyewe. Ikasoma 0.3. Akaniambia hizo ni omu za nyaya za mita, lazima zitolewe kwenye kila kipimo, maana unapopima kitu cha omu 2, kosa la 0.3 si dogo. Spika ya mlango ikasoma 2.1. Toa 0.3, inabaki 1.8. Mita siku zote husoma chini kidogo ya namba ya spika yenyewe, kwa hiyo 1.8 ni spika ya omu 2. Ya omu 4 ingesoma tatu na kitu.

Milango ya nyuma ilisoma 3.5. Mbele omu 2, nyuma omu 4, gari moja. Ndiyo maana huwezi kupima mlango mmoja ukanunulia minne.

Twita iliyo juu karibu na kioo haikusoma kitu kabisa. Nilidhani imekufa. Kijana akanionyesha kidude kidogo kilichoungwa kwenye waya wake, kapasita, kinachozuia besi isiiunguze twita. Umeme wa betri ya mita haupiti hapo, kwa hiyo mita inaonyesha kama waya umekatika. Kupima twita lazima uiguse nyuma ya kapasita. Alipogusa hapo ikasoma. Ilikuwa nzima.

Ukaja uamuzi wa kununua. Njia zilikuwa tatu. Ya kwanza, kuondoa amplifaya ya kiwandani, kuweka redio mpya, amplifaya mpya na spika zozote tunazotaka. Gharama yake inakaribia ada ya muhula, na nyaya za gari zinakatwakatwa, kwa hiyo niliikataa hata kabla sijaielewa vizuri. Ya pili, spika mpya za omu 2 au 3. Zipo, kuna kampuni zinazitengeneza makusudi kwa magari kama haya, lakini duka tulilolikuta nazo lilitaka shilingi 220,000 kwa mbili. Ya tatu, spika zilezile za kiwandani, mtumba, kutoka gari la aina yetu lililokatwa kwa ajili ya spea.

Mzee alipendelea ya tatu, na sababu yake haikuwa bei tu. Amplifaya ya kiwandani haisukumi sauti iliyonyooka. Imepangwa iongeze besi hapa, ipunguze sauti kali pale, kulingana na udhaifu wa spika zile zile za kiwandani. Ukiweka spika nzuri kuliko hizo lakini za tabia nyingine, yale marekebisho yanabaki, na yanaharibu. Mimi kama mnunuzi naongeza kwamba mtumba ni kamari, na kamari hiyo inafaa tu kama una mtu wa kukagua.

Mkaguzi alikuwa mwanangu. Muuzaji alitoa jozi mbili na kutaja shilingi 90,000. Kijana akakagua ukingo wa sponji kwa kidole mzunguko mzima. Akaisukuma koni taratibu kwa vidole viwili pande zote sawa, akiweka sikio karibu, maana ikikwaruza koili inagusa sumaku na spika hiyo haifai. Akapima omu. Halafu akatoa mfukoni betri ya saa ya ukutani, ya volti 1.5, akaigusisha kwenye vituo vya spika: chanya kwa chanya, koni inatoka nje, ukigeuza, inaingia ndani. Hapo unajua upande upi ni chanya hata kama alama imefutika. Jozi ya kwanza aliikataa, moja ilikwaruza. Ya pili tuliichukua kwa 60,000, na muuzaji akamwuliza anafanya kazi duka gani.

Tulinunua mbili ingawa iliyoharibika ilikuwa moja. Kushoto mpya na kulia iliyochoka hazitalingana, na ile ya kulia nayo ukingo wake ulikuwa njiani kuoza.

Kazi ya kufunga ilichukua Jumapili nzima baada ya ibada. Aliondoa waya hasi wa betri ya gari kwanza. Klipu mbili za mlango zilikatika, hizo huuzwa kwa bei ya peremende. Kabla ya kukaza skrubu alishusha kioo hadi chini kuhakikisha hakigusi sumaku. Na lile karatasi la nailoni lililo nyuma ya kava la mlango, ambalo mafundi wengi hulichana na kulitupa, alilirudisha na kulibandika upya ukingo wote. Nilimwuliza la nini. "Mvua, mama. Maji yakipita kioo yanashuka ndani ya mlango. Bila hili yanaingia kwenye spika na kwenye kapeti."

Alipowasha, aliweka redio kwenye sauti ndogo kuliko tuliyozoea, na mtangazaji alisikika kila neno. Binti yangu aliyekuwa kiti cha nyuma hakusema lolote, akaendelea kula karanga zake.

Baba yao alifika Ijumaa usiku. Jumamosi asubuhi alikwenda na gari sokoni, akarudi, akakaa ndani ya gari uani kwa muda redio ikiwaka. Kisha akamwita kijana. Mimi nilikuwa naanika nguo hatua chache pale, sikutaka kusogea.

"Spika hizi umeweka za namna gani?"

Kijana akaeleza. Omu 2, volti 10, wati 50, wati 25. Akaeleza ya jirani, kwamba kilichounguza twita zake si spika feki. Ni redio kufunguliwa hadi mwisho mpaka sauti ikawa inakatika, na sauti iliyokatika ndiyo inayopeleka moto kwenye twita. Baba yake akamwuliza maswali mawili matatu ya kumtega. Akayajibu.

Kisha mume wangu akasema, kwa sauti ya chini niliyoisikia kwa shida, "Sasa kwa nini hukuandika hivi kwenye mtihani?"

"Swali sikulielewa, baba. Kanuni niliijua. Sikujua wanauliza nini."

Wengi wenu mnajua hali hii. Mtoto anasoma shule ya msingi ya serikali kwa Kiswahili miaka saba, anaingia kidato cha kwanza, na karibu masomo yote isipokuwa Kiswahili yanageuka Kiingereza. Mwanangu alikariri kanuni ya omu kwa Kiingereza kama mtu anavyokariri wimbo wa lugha asiyoijua. Aliyemweleza maana yake ni mzee wa Gerezani, kwa neno ubishi. Sisemi kila D ya Fizikia ni ya lugha. Ya kwake ilikuwa pia na uvivu wa kidato cha tatu ambao naufahamu vizuri. Lakini siku ile uani sikuona mtu asiyeelewa umeme.

Omu, nilikuja kusoma baadaye, ni jina la mtu. Georg Simon Ohm alikuwa mwalimu wa shule huko Ujerumani, akachapisha kanuni yake mwaka 1827, na wasomi wenzake wakaipokea kwa ubaridi mkubwa hadi akaacha kazi yake ya ualimu. Nilimsomea mume wangu habari hiyo jioni. Akaniambia nisimtafutie mwanangu mawakili Ujerumani.

Hajakubali moja kwa moja. Alichosema ni kwamba kijana aandikishwe kama mtahiniwa wa kujitegemea kurudia Fizikia na Hisabati, masomo mawili tu, na wakati huohuo aulizie fomu za VETA, masharti na gharama, amwandikie kwenye karatasi si kwa mdomo. Kijana amekubali Fizikia haraka, Hisabati kwa kununa. Jumanne na Alhamisi anakwenda Gerezani kwa mzee, nauli anatoa baba yake. Siku nyingine anasoma, na nimemwekea sharti kwamba kila swali la mtihani uliopita alisome kwanza, alieleze kwa Kiswahili kwa sauti, ndipo aandike jibu kwa Kiingereza.

Jirani naye amekuja jana na gari lake. Kijana amempimia, milango ya mbele omu 2 kama ya kwetu, na amemwandikia kwenye karatasi cha kutafuta. Amemwomba shilingi 5,000 ya kazi ya kupima. Jirani amelipa.